Ushauri: Kimya cha mwisho katika tamthilia ya Gogol, tukikate au tukiache?

DadaMwelekezi: Wadau, hamjambo. Kikundi chetu cha maigizo hapa Kisumu kinafanya mazoezi ya ramsa ya Nikolai Gogol, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, iliyoigizwa mara ya kwanza Saint Petersburg mwaka 1836. Hakuna anayelipwa, tuna walimu, muuguzi, fundi wa nguo. Wakubwa wa mji mdogo wanasikia mkaguzi anakuja kwa siri, basi wanamdhania kijana asiye na kitu, aliyekwama hotelini kwa madeni, kuwa ndiye. Kila mmoja anampa chochote.

Shida ni mwisho. Askari anatangaza kwamba mkaguzi wa kweli amefika, kisha Gogol anataka wahusika wote wagande karibu dakika moja na nusu kabla ya pazia. Nusu ya waigizaji wanataka tukate. Wanasema watu watadhani tumesahau maneno, wainuke kuwahi matatu za Kondele. Mimi naona tukikata tumeiua tamthilia. Nifanyeje?

MwalimuWaJukwaa: Usikate, dadangu. Muda mfupi kabla ya hapo meya amewauliza watu wanacheka nini, akawaambia wanajicheka wenyewe. Hadhira inahitaji nafasi hiyo neno limwingie. Ila kuganda si kusimama tu. Soma maelezo ya jukwaa: meya yuko katikati kama nguzo, mikono ameitandaza, kichwa amekirudisha nyuma, mkuu wa posta amegeuka alama ya kuuliza inayoelekea watazamaji. Mpe kila mwigizaji umbo lake na sababu ya hofu yake. Akijua anachoogopa, hatatikisika.

Nyanza_Maigizo: Naongeza hapo. Je, waigizaji wako wanatia vituko huko mwanzo? Gogol alionya sana dhidi ya kutia chumvi. Wakishafanya mizaha saa mbili nzima, kuganda kutaonekana mzaha mwingine, na hapo watu watainuka kweli. Wacheze wakiogopa kwa dhati tangu mwanzo. Mazoezini anzeni na sekunde ishirini, mwongeze polepole.

DadaMwelekezi: Asanteni sana. Ni kweli, vituko vimezidi, hasa kwa wale wawili wanaoigiza wenye mashamba. Ukumbi wetu hauna pazia, je?

MwalimuWaJukwaa: Zima taa zote kwa mpigo mmoja, zisififie. Anayehesabu muda awe mtu wa taa, si mwigizaji. Zikiwaka tena, kikundi kiwe kimejipanga tayari kuinamia watazamaji.