Maabara ya kemia shuleni: tupeane uzoefu wa titresheni na utambuzi wa chumvi

Mwanzisha mada, Jinja

Ndugu walimu, mafundi wa maabara na nyote mliowahi kukaa katika mtihani wa vitendo wa UNEB (Baraza la Mitihani la Uganda), naomba tupeane uzoefu kuhusu uchambuzi wa kemikali shuleni: titresheni, yaani kudondosha asidi kwenye alkali iliyopimwa hadi zimalizane ili kujua kiasi chake, na utambuzi wa chumvi, yaani kubaini kampaundi ya kemikali imeundwa na nini. Nafundisha kidato cha tatu na cha nne, na naamini kwamba matokeo mengi huharibika kabla ya tone la kwanza kudondoka. Bureti (neli ndefu yenye vipimo ya kudondoshea asidi) iliyosuuzwa kwa maji peke yake hubaki na unyevu, asidi ikazimuka humo, na mwanafunzi akatumia ujazo mkubwa kuliko unaostahili. Ndiyo maana humalizia kwa kuisuuza kwa asidi yenyewe. Chupa ya koni haifanyiwi hivyo, kwani alkali itakayosalia humo itajumlishwa na zile sentimita za ujazo 25.0 zilizopimwa kwa pipeti, ilhali maji yaliyokeneshwa hayabadilishi kiasi cha alkali iliyomo. Mwanafunzi akishaielewa sababu, hahitaji kukumbushwa. Wenzangu, ninyi mnaanzia wapi?

Fundi wa maabara, Mbarara

Naunga mkono, mwalimu, na nitaongeza suala la maji. Katika shule moja niliyoitumikia, maji yaliyokeneshwa yaliisha wakati wa mazoezi, tukaagizwa kutumia ya bomba. Wanafunzi walipotia nitreti ya fedha, ambayo huonyesha kloridi kwa ukungu mweupe, kila neli ya majaribio ilipata ukungu mweupe, hata ile ambayo chumvi yake haikuwa na kloridi kabisa. Nilichukua neli safi, nikatia maji yaleyale bila chumvi yoyote, nikaongeza matone ya asidi ya nitriki na nitreti ya fedha, na ukungu ukatokea mbele ya macho yao: kloridi ilikuwa ndani ya maji. Tangu hapo, kila jaribio la kloridi huliandalia neli ya ulinganisho yenye maji matupu.

Mwalimu, Gulu

Kwangu mimi, kiini ni utambuzi wa chumvi, na hapa nasema kwa uchungu. Wapo wanafunzi wanaokariri majedwali, wakaandika hitimisho kwanza, kisha wakabuni walichokiona. Zinki, alumini na risasi zote hutoa mashapo meupe (chembe zisizoyeyuka zinazojitenga) kwa hidroksidi ya sodiamu, nayo huyeyuka ikiongezwa kwa wingi. Anayeimimina yote mara moja huishia na myeyusho angavu na kuapa kwamba hakuna kilichotokea. Huwataka watie tone, watikise, waangalie, waandike, ndipo waongeze. Amonia ikizidi huyayeyusha mashapo ya zinki lakini huyaacha ya alumini na ya risasi, kisha ayodidi ya potasiamu huitenga risasi kwa mashapo ya manjano ambayo hayafichiki. Chuma cha daraja la pili, yaani chenye ioni ya chaji +2, ndicho kipimo changu cha uaminifu: mashapo yake ni ya kijani kichafu, na yakiachwa kidogo hugeuka kahawia kuanzia juu, pale hewa inapoyagusa. Aliyeyaandika yote mawili nampa alama zote kwa furaha, kwa sababu najua ameitazama neli yake.

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mbale

Shikamooni walimu. Langu ni fupi: pamanganeti ya potasiamu ina rangi nzito mno, hivyo tulifundishwa kusoma ukingo wa juu wa myeyusho ndani ya bureti badala ya sehemu ya chini ya mpindo wa uso wake. Tena haihitaji kiashiria, yaani kemikali ya kuonyesha mwisho kwa kubadili rangi, kwa kuwa waridi hafifu isiyofutika ndiyo mwisho wa titresheni.

Mwalimu, Masaka

Marahaba, mwanangu. Kwetu kemikali ni haba, lakini maganda ya matoke hayajawahi kutuishia. Majivu yake yana kaboneti ya potasiamu. Tunayaloweka, tunayachuja, kisha tunayapima kwa asidi ya hidrokloriki tukitumia kiashiria cha methili orenji, na kuweka karatasi nyeupe chini ya chupa ili badiliko la manjano kuwa rangi ya chungwa lionekane mapema. Mtaala mpya wa NCDC (Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala) ulioanza 2020 unahimiza masomo yahusishwe na maisha ya mwanafunzi, na sioni njia bora kuliko hii: kila mmoja huleta majivu ya jikoni kwao, na matokeo yanapotofautiana hubishana kwa hoja za kemia. Atakayejaribu ayachuje mara mbili, maana chembe nyeusi zikibaki huficha rangi.