Familia Majengo: gumzo la Jumamosi

Jumamosi, 22 Novemba 2025

Ami Bakari: Assalam aleikum nyote.

Ami Bakari: [video, imesambazwa mara nyingi]

Ami Bakari: Yasemwa Uingereza yawafukuza wote wanaofanya kazi ya kutunza wazee. Mwanaisha uko salama huko?

Athman: Aleikum salaam Ami. Hiyo nimetumiwa na watu watatu tangu asubuhi. Mmoja ni kinyozi wangu.

Swaleha: Nyanya ameisikia. Anasema shangazi ashike simu.

Khadija (Riyadh): Yuko kazini huyo, huko bado mchana. Ami umemtia Mama Mkubwa presha bure.

Ami Bakari: Nimeuliza tu jamani.

Mwanaisha: Aleikum salaam. Nipo. Nimetoka kwa mgonjwa wa tatu, niko ndani ya gari nakula wali baridi. Hakuna anayefukuzwa Ami. Ifute hiyo video.

Mwanaisha: Swaleha mwambie Mama nitapiga nikifika nyumbani, sasa hivi naandika tu.

Athman: Lakini kuna jambo. Hata redio wamesema.

Mwanaisha: Lipo. Alhamisi waziri wa mambo ya ndani, Shabana Mahmood, alitangaza bungeni kwamba wageni sasa watangoja ukaazi wa kudumu miaka 10, si 5 tena. Hiyo ni kwa wengi. Sisi wa kutunza wazee, na wengine ambao kazi zetu wanasema ni za ujuzi mdogo, 15.

Athman: Kumi na tano???

Mwanaisha: Naye anayelipwa zaidi ya pauni 125,140 kwa mwaka, mitatu.

Athman: Ujuzi mdogo. Waje wao wamgeuze mtu wa kilo mia kitandani bila kumchubua.

Mwanaisha: Usinianzishe kaka, nina nusu saa tu.

Ami Bakari: Huyo waziri jina lake la kwetu. Mwislamu?

Mwanaisha: Mwislamu Ami. Kazaliwa Birmingham, wazazi wake asili yao Kashmir.

Khadija (Riyadh): Kikulacho.

Ami Bakari: Astaghfirullah.

Mwanaisha: Bado si sheria. Wanapokea maoni ya watu mpaka tarehe 12 Februari. Kinachonikaba ni kwamba wanataka ituguse hata tuliokwisha kuingia, almradi karatasi ya ukaazi hujaipata. Ni kama mmekubaliana nauli, gari liko katikati ya Makupa, utingo anakuja kudai nyingine.

Athman: Na huyo huwezi kumwambia shusha hapa.

Ami Bakari: Hiyo karatasi yenyewe bei gani?

Mwanaisha: Ada ya ombi peke yake sasa hivi pauni 3,029. Piga kwa 170, inapita laki tano zenu.

Ami Bakari: Basi ngoja. Kijana wa jirani hapa, yule aliyemaliza kozi mwaka jana, ana barua ya kazi hiyo hiyo yako. Wakala anataka laki nne, viza mwezi wa kwanza. Wameshaweka hati ya kiwanja rehani.

Mwanaisha: Ami asitoe hata senti.

Mwanaisha: Huo mlango umefungwa tangu tarehe 22 Julai mwaka huu. Mwajiri wa huku haruhusiwi tena kuleta mtunzaji wazee kutoka nje. Anaweza kuchukua tuliomo humu tu. Anayeuza barua hiyo leo anauza karatasi ya kufungia karanga.

Ami Bakari: Barua ina mhuri.

Mwanaisha: Hata yangu ilikuwa na mhuri, na ilikuwa ya kweli, na bado kazi niliyoahidiwa si niliyoikuta. Ami tafadhali nenda sasa hivi, usiwapigie, nenda kwa miguu.

Ami Bakari: Navaa viatu.

Swaleha: Nyanya anauliza, kwa hivyo Nuru anaenda lini huko kwa mamake?

Swaleha: Shangazi?

Athman: Swaleha mwambie Nyanya angoje kidogo.

Mwanaisha: Nimeona. Nilikuwa naendesha.

Mwanaisha: Nianze na kitu kingine kwanza. Kuna mzee ninayekwenda kwake kila asubuhi, alikuwa dereva wa treni. Macho yamekwisha. Nikishamvisha soksi na kumpa dawa hunipa gazeti nimsomee. Hataki mpira, anataka siasa. Jana nafungua, habari ni sisi. Nikasoma kama ninavyosoma nyingine. Nilipofika kwenye ile miaka 15 akasema rudia. Nikarudia. Akauliza, wewe ni yupi hapo? Nikaweka kidole kwenye ule mstari nikamwambia huu, na mtu mwenyewe haoni. Akakaa, halafu akasema bintiye akija Jumapili atamwandikisha barua kwa mbunge. Nikamshukuru. Dakika zangu zilikuwa zimepita na njia ya kutoka nyumba moja kwenda nyingine hatulipwi, nikatoka mbio. Soksi moja nadhani iliishia kwenye kisigino.

Khadija (Riyadh): Angalau amekuuliza. Madamu wangu akisikia habari za Kenya huniuliza kama simba wanaingia Mombasa.

Athman: 😂😂

Athman: Dada mimi nitasema, na msinikasirikie. Rudi. Hapa utakula, utalala, mwanao yuko.

Mwanaisha: Nitakula nini kaka? Pesa niliyompa wakala bado nadaiwa na chama, nalipa kila mwezi. Karo ya Nuru, dawa za Mama za presha, wewe mwenyewe Septemba ulinipigia kwa ajili ya tairi za tuktuk.

Athman: Hapo umenipata.

Mwanaisha: Sikusemi. Najibu swali.

Khadija (Riyadh): Mimi nina neno moja. Huku hakuna mtu aliyewahi kuniambia nikikaa miaka fulani nitakuwa wa hapa. Iqama, kile kibali cha kukaa, ikiisha, na kafili, mwajiri anayenidhamini, asipotaka kulipia, nakusanya virago. Kwa hivyo sijawahi kujiwekea mwaka. Nikipata ishirini natuma kumi na tano, basi. Shida yako wewe ulipewa tarehe.

Mwanaisha: Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta tangu Alhamisi, Khadija.

Mwanaisha: Mimi niliingia 2024, baada ya ile tarehe 11 Machi waliyokataza watunza wazee kuja na watoto. Kwa hivyo nilimwambia Nuru 2029 nikipata karatasi utakuja, utakuwa na miaka 11. Ameishika hiyo. Ananihesabia kwa vidole kwenye simu. Sasa wakipitisha ya kwao ni 2039, ana 21. Mtu mzima huyo. Huenda ana mwanawe.

Swaleha: Nyanya amenyamaza.

Mwanaisha: Naomba kuanzia leo asiambiwe mwaka wowote. Akiuliza, aambiwe mama yuko kazini na likizo nitakuja kumwona. Hiyo naweza kuilipia.

Athman: Sawa.

Mwanaisha: Na msiniletee video za waziri saa nne za usiku wenu. Habari za huku mnazipata kabla yangu, mimi niko bafuni kwa mtu. Za huko ndizo sina wa kumwambia. Siku Raila alipofariki, tarehe 15 Oktoba, niliona kwenye simu nikiwa kwenye ngazi za nyumba ya watu. Nilifanya kazi mpaka usiku na hakuna hata mmoja niliyeweza kumwambia leo tumefiwa, maana ningeanzia wapi? Marehemu baba aliniweka mabegani kwenye mkutano wake Tononoka. Unamwelezaje mtu wa Leeds Tononoka?

Athman: Nakumbuka. Mimi nilitembea.

Khadija (Riyadh): Na watu huko mtaani wakoje? Tuliona zile bendera za wasiotaka wageni.

Mwanaisha: Zimefungwa kwenye nguzo za taa tangu Agosti, sasa mvua imezichana. Hakuna aliyenigusa. Mmoja tu alinipigia kelele kwenye kituo cha basi. Bendera ya nne ndiyo alama yangu ya kukata kona, maana saa kumi za jioni huku giza limeshaingia.

Ami Bakari: Nimerudi.

Ami Bakari: Walikuwa wametuma elfu hamsini jana. Iliyobaki hawatoi. Mama mtu amekaa chini kabisa sakafuni. Kijana anataka namba yako akuulize kama kuna njia nyingine.

Mwanaisha: Mpe. Lakini aulize usiku. Na Ami ahsante.

Mwanaisha: Swaleha, Nuru analala wapi siku hizi?

Swaleha: Na Nyanya, kitanda kimoja.

Mwanaisha: Nguo zake?

Swaleha: Ziko kwenye lile begi ulilonunua Kongowea, la magurudumu. Nyanya alisema zisitolewe, si ataondoka.

Mwanaisha: Tangu nilipoondoka?

Swaleha: Eeh. Za shule peke yake ndizo zinatundikwa.

Mwanaisha: Zitoeni. Kaka, mtafutie kitanda chake na kijikabati. Na Januari ahamie ile shule karibu na msikiti, uliyosema ni nzuri tukasema tusijisumbue maana mtoto anasafiri.

Athman: Nitaenda Jumatatu kuuliza nafasi.

Swaleha: Nyanya anasema, kwa hivyo umekata tamaa?

Mwanaisha: Mwambie Nuru amerefuka na amenishtakia mwenyewe kwamba Nyanya anakoroma.

Swaleha: 😂 Anasema yeye ndiye anayepigwa mateke, mbavu zinamuuma, na kitanda ni fikra nzuri.

Swaleha: Na mimi? Matokeo ya KJSEA, mtihani wetu wa Gredi ya 9, yakitoka naingia Gredi ya 10, sisi ndio kundi la kwanza nchi nzima. Hakuna hata mmoja aliyeuliza shule gani.

Athman: Wewe chapa ujumbe wa Nyanya.

Mwanaisha: Nitakupigia wewe peke yako Swaleha. Andika shule tatu, na kila moja uniambie kwa nini.

Athman: Fundi nimempata, yuko hapa hapa. Kitanda cha futi tatu kwa sita, elfu kumi na nne bila godoro. Mbao za saiprasi.

Ami Bakari: Kumi na nne ya saiprasi? Huyo amesikia neno Uingereza.

Athman: Sikumwambia!

Ami Bakari: Una simu mkononi na unasema «ngoja nimuulize dada». Amesikia.

Swaleha: Nuru amechungulia. Anataka cha ghorofa, kama cha bweni.

Athman: Cha ghorofa ishirini na mbili.

Mwanaisha: Mwambie Nuru cha chini. Kaka, mpe fundi kumi na moja, mwisho kumi na mbili, na asipake vanishi kabla hujanitumia picha ya mbao. Mara ya mwisho kabati la Mama lilikuja na mchwa ndani.