Mjadala: Je, herufi mbovu kwenye kivinjari ni sababu ya kuzinyima shule Linux?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyotolewa ni kwamba shule za sekondari za Mbeya zisiweke Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kutumika badala ya Windows, kwenye kompyuta zao kongwe, kwa kuwa mwalimu akifungua kivinjari hukuta herufi zenye kingo za ngazi-ngazi au visanduku vitupu. Tatizo hilo lipo, na hata kwenye mashine za wateja hapa Mwanjelwa nakutana nalo. Ninachokataa ni hitimisho lake.

Tukumbuke kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za shule hazifikii masharti ya Windows 11; ndiyo maana Linux inafikiriwa.

Chanzo cha herufi mbovu kinajulikana. Ukurasa wa wavuti huomba fonti (seti ya maumbo ya herufi) kwa jina, tuseme Helvetica au Calibri, ambazo ni mali ya kampuni na kwa kawaida hazimo ndani ya Linux. Programu iitwayo fontconfig ndiyo huchagua mbadala, na ikiangukia fonti ya zamani iliyochorwa kwa nukta za ukubwa maalumu, maandishi huparaganyika mara tu yanapokuzwa. Ukiandika fc-match Helvetica kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), utaambiwa papo hapo ni fonti gani iliyoteuliwa. Tiba yake ni kusakinisha fonti ya Liberation, iliyotolewa na Red Hat mwaka 2007 ikiwa na upana wa herufi unaolingana na ule wa Arial, Times New Roman na Courier New. Carlito hushika nafasi ya Calibri. Kisha endesha amri ya fc-cache -f ili mfumo uzitambue fonti mpya, ufunge kivinjari na kukifungua upya.

Visanduku vinahitaji uangalifu zaidi, na hapa mafundi wengi hubahatisha. Kisanduku kikitokea mahali pa herufi ya lugha nyingine, fonti za Noto kwa kawaida huondoa tatizo. Lakini kikikaa mahali pa alama ya kutafuta au ya menyu, huenda ukurasa unategemea fonti yake wenyewe ambayo haikupakuliwa, ama kwa intaneti dhaifu au kwa sababu kivinjari kimezuiwa kutumia fonti za kurasa. Hapo hata ukijaza fonti zote duniani hutapata nafuu.

Upande wa pili una hoja moja nzito: shule iliyoko Chunya haiwezi kumsubiri fundi kutoka mjini kila herufi zinapoharibika. Ndiyo maana napendekeza halmashauri iandae nakala moja ya mfumo, yenye fonti hizo tayari, ijaribiwe kwenye kurasa ambazo walimu huzitumia kweli, ndipo isambazwe kwa flashi bila kuhitaji intaneti. Anayepinga na ataje ukurasa uliomshinda, pamoja na jibu alilopewa na fc-match, tuujadili hapa.