Mjadala: Mtoto aliyefaulu akitaka mwiko au lori, tumzuie?

Mama Subira
Ndugu zangu, nina kijana wa miaka 18. Amefaulu vizuri, hesabu na fizikia ndiyo kabisa. Mimi na baba yake tulishampangia uhasibu. Juzi katuambia hataki ofisi: anataka kuanza na uashi, halafu umri ukiruhusu achukue leseni ya magari makubwa. Leo siku ya nne baba yake hasemi naye. Lakini kilichonileta si ugomvi wa nyumbani kwangu. Shuleni aliambiwa mbele ya wenzake, “Ufundi ni wa waliofeli, wewe unafuata nini huko?” Naomba tujadili: ni sawa shule kuwasukuma watoto namna hiyo? Na mtoto mwenye akili zake akichagua kazi ya mikono, mzazi amzuie? Fomu za chuo mwisho Ijumaa.

Karani
Mama, mzuie, tena mapema. Nasema kwa nia njema. Mwili una mwisho. Ukifika miaka 50 mgongo umekwisha na huna cheti cha kukuhamishia kwenye kiti. Na tuambiane ukweli: kuendesha lori ni kukaa na kushika usukani, yeyote anajifunza kwa miezi michache. Uashi ndiyo usiseme. Mwaka jana nimekarabati sebule yangu, nikanunua rangi ya kuzuia maji, ya bei kweli. Leo ukuta umevimba, rangi inabanduka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Fundi hapokei simu. Huko ndiko unampeleka kijana wa fizikia?

Magurudumu18
“Kukaa na kushika usukani.” Karani, umewahi kupanda ngazi ya kichwa cha lori hata mara moja? Mimi nina miaka 19 barabarani. Nikueleze mteremko mmoja tu. Una tani 40, gari na mzigo. Gia ya kushukia unaichagua kule juu, kabla hujaanza kushuka, maana gari likishachanganya gia haiingii tena, unabaki nyutro na mlima wote uko mbele yako. Ukitegemea breki tupu, bila gia kulizuia gari, ngoma za breki zinapata moto. Kwanza inakuja harufu ya kuungua. Ukitazama kioo cha pembeni unaona moshi kwenye matairi ya tela. Unakanyaga mpaka mwisho na gari linaendelea tu. Hapo breki haijakatika, imezidiwa na joto. Hiyo miezi yako michache unajifunza kuwasha na kuondoka. Kushuka unajifunza kwa miaka, tena ukiwa na mkubwa wa kukufundisha pembeni.

Karani
Kaka, sikukutukana, nimesema inajifunzika. Na ukuta wangu hakuna aliyeujibu.

Mpiga Mwiko
Nakujibu mimi. Umesema hadi usawa wa kiuno. Juu ya hapo ukuta mzima? Basi maji yanatoka chini, paa halihusiki. Tofali linanyonya maji kama utambi wa taa, yanapanda kiasi cha mita moja hivi, kisha yanatoka ukutani kama mvuke bila mtu kuyaona. Wewe ukaja ukauziba ukuta kwa rangi isiyopitisha kitu. Maji yakakosa pa kutokea, yakaisukuma rangi yako. Ukipitisha kidole hapo palipobanduka utapata unga mweupe. Hiyo ni chumvi, maji yameondoka yakaiacha. Sasa niambie, rangi hiyo nani aliichagua?

Karani
Niliichagua mimi, kopo limeandikwa inazuia maji. Lakini fundi alikuwepo na brashi mkononi. Mbona hakusema?

Mpiga Mwiko
Hakusema, au alisema ukamwambia apake? Nauliza kwa sababu mimi nimeshasimama kwenye sebule za watu nikasema “mzee, huu ukuta una maji,” nikajibiwa “wewe paka, anayelipa ni mimi.” Nikapaka. Baada ya miezi sita mimi ndiye mwizi.

Karani
Unanijua wewe? Ulikuwepo sebuleni kwangu? Usinibebeshe maneno ya wateja wako. Fundi anayejua kazi anakataa kazi mbaya.

Mpiga Mwiko
Anakataa akiwa na kazi nyingine ya kumlisha kesho. Na wewe bosi wako akikuletea hesabu usiyoipenda, unakataa?

Mwalimu wa Zamu
Naona walimu tumeingizwa kwenye kesi tangu mstari wa kwanza. Si wote tunasema hivyo. Mimi nafundisha fizikia mwaka wa 22 na sijawahi kumwambia mtoto ufundi ni wa waliofeli. Lakini mjue sisi tunapimwa kwa idadi ya wanaokwenda chuo kikuu. Hakuna anayenipongeza kwa mwanafunzi aliyekuwa mwashi hodari. Badilisheni hicho kipimo, halafu njooni mtulaumu. Kuna nchi zimelitatua hili. Uswisi takriban theluthi mbili ya vijana wanapitia mafunzo ya kazi baada ya elimu ya lazima. Ujerumani mwanagenzi anagawa wiki kati ya mwajiri na shule ya ufundi, miaka miwili hadi mitatu na nusu, na analipwa. Huko hakuna anayemuuliza kama alifeli.
Halafu Karani, uashi ni fizikia tupu. Zege tu, mpaka likauke zile siku saba, kuna mengi ndani yake.

Mpiga Mwiko
Mwalimu nakuheshimu, lakini hapo umeteleza. Zege haligeuki gumu kwa kukauka. Saruji inashikana kwa kuyatumia maji, ndiyo maana tunalimwagilia na kulifunika magunia, na ndiyo maana nguzo za daraja zinaweza kumwagwa ndani ya maji zikashika. Likikauka mapema ndiyo hasara, linapasuka na nguvu haifiki. Siku saba ni za kumwagilia. Nguvu yenyewe inapimwa siku ya 28.

Mwalimu wa Zamu
Nimekubali. Neno “likauke” nimelitumia vibaya, na darasani ningemkosoa mwanafunzi.

Mpenda Mitambo
Mnabishana kuhusu kazi ambazo hazitakuwepo. Mama Subira, kijana asiguse lori. Marekani tayari yanajiendesha. Kampuni ya Aurora walianza mwaka 2025 kupeleka mizigo kati ya Dallas na Houston bila mtu kwenye kiti.

Magurudumu18
Malizia habari. Wiki chache baadaye mtu akarudishwa kwenye kile kiti, kwa ombi la kampuni iliyotengeneza lori lenyewe. Na hiyo ni barabara kuu, imenyooka, inajulikana kipande kwa kipande. Kazi yangu huishia pengine: uani kwa mteja, geti jembamba, tela la mita 13 narudisha kinyumenyume gizani, na mlinzi ananielekeza kwa tochi upande usio sahihi. Ukitaka tela liende kushoto unakata usukani kulia. Ukichelewa kidogo kulifuata linakunjana na kichwa. Itachukua muda sana mashine kuliweza hilo.

Mpenda Mitambo
Mwaka 2005 watu walisema hivyohivyo kuhusu mambo mengi. Sikuchukii kaka, nahesabu tu. Kijana wa miaka 18 ana miaka 40 ya kazi mbele yake. Wewe umebakiza mingapi?

Magurudumu18
Miaka niliyobakiza si ya kuhesabiwa na wewe. Na kama ni kuhesabu, huyo karani wa uhasibu mnayemtaka kompyuta itamwacha? Risiti na vitabu vya hesabu programu zinasoma leo, hazikungoja kesho. Mbona huko humwonyi?

Karani
Sasa mimi tena.

Binti Seremala
Nimesoma kimya mpaka hapa. Mnaotetea ufundi mnautetea kwa maneno matamu, na hakuna aliyetaja vumbi. Baba yangu alikuwa seremala, baadaye akahamia kukata mawe ya jikoni na marumaru. Kwa mashine kavu, bila maji, kitambaa mdomoni. Jioni alikuwa anarudi kope zimekuwa nyeupe, sisi watoto tunacheka tunamwita babu. Leo ana miaka 58 na ngazi saba za kwenda chumbani anazipanda kwa vituo viwili. Vumbi la silika, lile linalotoka kwenye mawe yakikatwa, limetambuliwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani tangu 1997 kuwa linasababisha saratani, na kabla ya saratani linaacha makovu kwenye mapafu yasiyofutika. Australia walifika mahali wakapiga marufuku mawe ya kaunta yanayotengenezwa kiwandani, kuanzia 1 Julai 2024. Sisemi mama amzuie mtoto. Nasema amuulize huyo fundi atakayemfundisha: mnakata kwa maji? Mna barakoa za kweli? Akijibu “tumezoea,” mtoto arudi nyumbani.

Mpiga Mwiko
Pole kwa mzee, dada. Hapo sina la kubisha. Mimi mwenyewe barakoa nimeanza kuvaa nikiwa na miaka 35, na nilianza kazi nikiwa na 17.

Magurudumu18
Pole dada. Na kwetu kuna la usingizi, nalisema kwa sababu umesema kweli. Ulaya dereva akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa siku ni saa tisa, kumi mara mbili kwa wiki. Kuna kifaa kinachorekodi, hudanganyi kirahisi. Marekani ni saa 11 baada ya kupumzika 10. Mahali ambapo hakuna anayehesabu, tajiri anakupigia simu saa nane usiku kuuliza umefika wapi. Nilimpoteza rafiki kwa simu kama hiyo. Gari halikuwa na hitilafu yoyote, alisinzia. Kwa hiyo mama, usiulize tu kazi gani. Uliza atamfanyia nani.

Karani
Haya, sasa mmesema wenyewe: vumbi, usingizi, mgongo. Nami tangu mwanzo nilisema nini?

Binti Seremala
Wewe ulisema hawajui wanachofanya. Baba yangu alijua alichokuwa anafanya. Hakupewa maji na barakoa. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye ili ushinde.

Karani
Nimekusikia, dada. Lile neno nimekosea, na nalirudisha. Ukuta uliniudhi.

Mama Subira
Ndugu zangu nawashukuru, lakini nimeuliza kuhusu shule na kuhusu mzazi. Mwalimu peke yake ndiye aliyenijibu la shule.

Mpiga Mwiko
Nikujibu mama. Siku ya kwanza tukiweka msingi, pembe mraba tunazipata kwa kamba. Unapima 3 upande huu, 4 upande ule, na ukikutanisha ncha lazima upate 5 kamili. Ukikosa kidogo tu pale chini, ukifika kwenye paa hakuna bati linalokaa. Vijana wengi naletewa hao walioambiwa hawana akili, wanakariri 3, 4, 5 bila kujua kwa nini, na nyumba ikiwa kubwa wanachanganyikiwa. Nikimpata mmoja anayejua kwa nini, namfundisha kwa mwaka mmoja kazi ambayo mwingine inamchukua mitatu. Hayo maneno ya shuleni yanatunyima sisi watu tunaowahitaji. Na la pili: mimi nilianza bila cheti, mpaka leo kuna kazi kubwa siruhusiwi kuzisaini. Asiache cheti.

Magurudumu18
Kuhusu lori, Marekani kuvuka jimbo na mzigo kwa kawaida ni mpaka uwe na miaka 21. Hata kwenu asiwe na haraka. Hiyo miaka ashike mwiko.

Karani
Mpiga Mwiko, jana nilifanya uchunguzi mmoja niliouona mahali. Nilibandika kipande cha nailoni ukutani, gundi pande zote nne, nikakiacha siku nzima. Leo nimebandua: upande wa chumbani pakavu, upande wa ukuta matone.

Mpiga Mwiko
Basi ni ukuta, si hewa ya ndani. Sasa toka nje utazame udongo umefika wapi kwenye ukuta huo.

Karani
Kuna bustani ya maua. Niliinua udongo miaka miwili iliyopita ili maji ya mvua yasituame. Umefunika ule mstari mweusi unaoonekana juu ya msingi.

Mpiga Mwiko
Huo mstari mweusi ndiyo karatasi ya kuzuia unyevu. Udongo umeiruka, unamwaga maji juu yake moja kwa moja. Fundi wako alipaswa kutoka nje kutazama, hilo ni kosa lake na silifichi. Udongo uliuweka wewe.

Mama Subira
Kijana amekaa pembeni yangu amesoma yote. Ameuliza jambo moja tu: kama chumba ni kikubwa, ile 3, 4, 5 unaweza kuizidisha ukatumia 9, 12 na 15? Baba yake yuko upande wa pili wa meza. Amemjibu yeye, kabla yangu: “Ndiyo, na ukitumia kubwa kosa linapungua.”

Mpiga Mwiko
Mwambie baba yake amesema kweli.

Karani
Mpiga Mwiko, bado upo? Nichimbe kiasi gani?

Mpiga Mwiko
Udongo ushuke sentimita 15 chini ya ule mstari, urefu wote wa ukuta, na uinamishe uelekee nje. Ndani, kwangua rangi yote, plasta iliyooza uing’oe mpaka uone tofali. Halafu usiguse. Usipake kitu, usipige plasta mpya, hata kama wageni wanakuja. Ukuta huo utachukua miezi kukauka.