Askari wa wanyamapori hukagua nini msimu wa bata unapofunguliwa?

Swali: Ndugu zangu, nitawinda batamaji kwa mara ya kwanza nchini Marekani, nami nimesikia kwamba siku ya ufunguzi askari wa wanyamapori hufanya doria tangu alfajiri. Hukagua nini hasa?

Jibu la 1: Ndugu, kwanza wataomba leseni ya jimbo na stempu ya bata ya serikali kuu (yaani kibali cha kuwinda batamaji), inayomlazimu kila mwindaji mwenye umri wa miaka 16 au zaidi. Kisha wataitazama bunduki, ambayo haipaswi kubeba zaidi ya risasi tatu, pamoja na marisaa yenyewe, kwa kuwa yale ya madini ya risasi yamepigwa marufuku nchini kote tangu 1991, baada ya kubainika kwamba ndege huyameza wanapotafuta chakula topeni na kufa kwa sumu.

Jibu la 2: Naongeza kwamba usimnyonyoe bata kabisa kabla ya kufika nyumbani, acha kichwa au bawa moja lenye manyoya, kwani idadi inayoruhusiwa hutofautiana kwa spishi. Na usifyatue mapema (wageni wengi hunaswa hapo), maana muda halali huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza.

Muulizaji: Nashukuru. Marisaa yangu ya zamani nitayaacha nyumbani.