Naomba ushauri: najifunza Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), sintaksia (kanuni za kuiandika) inanikwamisha

Wakuu habarini, niko Dodoma hapa Nkuhungu, mchana namsaidia mama kuuza zabibu, usiku najifunza Python kwenye kompyuta ya mtumba. Hii ni wiki ya tatu.

Juzi nimeandika kiprogramu cha kupiga hesabu ya mauzo, naingiza bei ya kilo 3000 yenyewe izidishe mara 2, ikaniletea 30003000 badala ya 6000! Nimekaa nayo mpaka saa sita usiku ndo nikagundua kumbe input (amri ya kupokea unachoandika) inarudisha maandishi sio namba, mpaka uizungushie int (amri ya kugeuza kuwa namba). Nilifurahi mno nikamwamsha mdogo wangu aje aone.

Sasa shida zangu. Notsi nilizopewa ni za zamani, print (amri ya kuonyesha matokeo) haina mabano, nikiandika hivyo inagoma, baadae nikaelewa ile ni Python 2 na iliachwa kuhudumiwa tangu 2020, so nimezitupa. Kinachonitesa zaidi ni nafasi za mwanzo wa mstari, kodi (code, yaani maandishi ya programu) naandikia kwenye simu halafu nahamishia kwenye kompyuta, basi nafasi za kitufe cha Tab na za spesi zinachanganyika, chini ya if (sharti) na for (kurudia) inaleta tu makosa na kwa macho naona iko sawa kabisa.

Wenye uzoefu, hii mnaitatuaje? Na je nimalize kwanza sintaksia yote au hizi if, for na def (ya kutengeneza amri yako mwenyewe) zinatosha nianze kijimradi cha daftari la madeni la mama? Kama kuna mtu yupo karibu na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) tukae hata Jumamosi moja ntashukuru sana.