Re: Ramani ya nyumba ya uzeeni Kilifi imerudishwa tena

MAMA SALIM (Leicester)
Jamani hamjambo. Ramani yetu imerudishwa tena, safari hii ofisi yasema hati ya kiwanja ina majina yangu matatu na pasipoti ina mawili, halafu POA, ile hati ya kumruhusu kaka yangu anisimamie mambo, eti haijasajiliwa. Nyumba yenyewe ya kuzeekea mimi na baba Salim, goti lake mwalijua, kila kitu chini, baraza linatazama bahari. Nauliza, kwa majina hati ya kiapo inatosha ama lazima nibadilishe jina kisheria?

MZEE WA MINNESOTA
Pole dada. POA bila kusajiliwa kule nyumbani ni karatasi tu, hata ipigwe mihuri mingapi huku. Lakini uraia je? Kama ulichukua wa Uingereza kabla ya Katiba ya 2010 na hukuomba kurudishiwa wa Kenya, wewe ni mgeni, na mgeni hapewi freehold, yaani ardhi iwe yake moja kwa moja, mwisho ni lisi, kukodishiwa kwa miaka 99.

MAMA SALIM
Uraia nilirudishiwa zamani mzee wangu, shida ni majina.

FUNDI DUBAI
Mzee usimtishe mama wa watu, hakuuliza uraia. Mama Salim maadamu ramani iko mkononi irekebishe kabisa, milango yote upana wa senti 90, bafu lisiwe na kizingiti, na mle ndani ibaki mita moja na nusu kiti cha magurudumu kigeuke. Rampu, ile njia ya mteremko badala ya ngazi, kila senti 1 ya kupanda weka 12 za urefu. Vitasa na bawaba chukua chuma cha stenlesi daraja la 316, ile 304 upepo wa bahari unaitia madoa ya kutu. Na mchanga wa ufuoni usikubali uingie kwenye zege kabisaa, chumvi inakula nondo ndani kwa ndani, kuna slabu naijua imepasuka chini, ukiigusa nondo inabanduka maganda mekundu mkononi.

MZEE WA MINNESOTA
Simtishi mtu, nasema sheria, Katiba kifungu cha 65, kasome.

BI TORONTO
Mama yangu alizeekea ghorofani Mji wa Kale Mombasa, ngazi zile nyembamba zikamfungia juu miaka, watu anawasikia barazani na hawezi kushuka kukaa nao. Kwa hiyo mwanangu hilo baraza la baharini zuri, lakini weka na jingine upande wa njia, anayepita apige hodi. Nyumba hizi za kuta ndefu na geti la chuma mzee anazungumza na nani? Hapa nilipo theluji tangu asubuhi, naukumbuka upepo wa kusi mpaka machozi. Na wanasiasa wakija huku watuambia tuwekeze nyumbani, ukiwekeza karatasi yako yalala mezani.

MZEE WA MINNESOTA
Kweli kabisa bibi. Ila Fundi, hiyo 12 ya rampu ndiyo mwinuko wa mwisho unaokubalika, kwa mtu anayejisukuma mwenyewe mpe 15 hata 20, kiwanja kikiruhusu.